Kaka aliyenishikisha pipeti, leo nimwongoze?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 35, naishi Pasua hapa Moshi. Nafanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza. Niliajiriwa mwaka 2012 nikiwa na stashahada. Nikasoma huku nafanya kazi, mume akibaki na watoto, hadi 2019 nikapata shahada ya sayansi za maabara za afya. Usajili wangu wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya uko sawa na leseni nahuisha kila inapotakiwa.

Mwezi huu taasisi yetu imetangaza nafasi ya Mtaalamu Mwandamizi wa Maabara. Tangazo limebandikwa ubaoni karibu na chumba cha kupokelea sampuli, na kila nikipita nasimama kulisoma upya. Wanataka mtu mwenye shahada ya uzamili, au shahada ya kwanza na uzoefu usiopungua miaka 5. Kazi zenyewe zimeandikwa hivi: kusimamia mfumo wa ubora, kuandaa na kuhuisha taratibu za kazi, kuhakiki njia mpya za upimaji, kuwajengea uwezo watumishi wa chini, kushauri watafiti na kuidhinisha majibu. Nikifika hapo naona giza. Mimi najua kupima, Anti. Nipe sampuli, nipe mashine, nitakupa majibu. Haya mengine naona ni maneno ya watu wa ofisini.

Tena kuna mambo mawili yananikosesha usingizi.

La kwanza ni Kaka Eliya (jina nimelibadilisha). Huyu ndiye aliyenipokea 2012. Alinishikisha pipeti, kile kifaa cha kunyonyea vimiminika kwa kipimo, akanifundisha kubonyeza kitufe chake taratibu hadi kituo cha kwanza, akanikataza kuingiza mapovu. Ana stashahada, ana miaka 53, na pale kwetu hakuna anayezijua mashine kama yeye. Hakurudi shule kwa sababu alikuwa anasomesha wadogo zake. Nikipata nafasi hii nitakuwa naidhinisha kazi yake na kumjazia tathmini. Naona kama namvua nguo hadharani mtu aliyenilea.

La pili ni hili. Mwaka jana mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea, umeme ulikatika usiku nikiwa zamu. Jenereta haikuwaka. Friza inayotakiwa kukaa nyuzi 80 chini ya sifuri ilipanda hadi 46 chini ya sifuri kabla fundi hajafika. Nilijaza kila kitu kwenye daftari la friza: saa, nyuzi, na namba za masanduku yaliyokuwamo. Asubuhi mkuu wetu wa maabara akaniambia ningeacha kuandika, maana zile sampuli ni za mradi wa watu na wafadhili watauliza maswali. Nikamjibu kwa heshima kwamba nimeshaandika, tena kwa wino. Hakunifokea. Ila tangu siku hiyo salamu yake imepoa, na yeye ndiye atakayekuwa kwenye jopo la usaili.

Maombi yanafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Niombe, au nitulie na benchi langu?

Mteknolojia wa Pasua, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Omba. Nimekaa maabara miaka 31, mingi ya hiyo hapa Arusha kwenye upimaji wa maji, na kiti unachokiogopa nimekikalia. Kwa hiyo niache nikueleze kwa kirefu.

Umeniandikia kwamba hujui mfumo wa ubora. Halafu aya chache mbele ukanieleza namna ulivyojaza daftari la friza usiku, jenereta imegoma, ukiwa zamu. Mwanangu, mfumo wa ubora ndio huo. Maana yake ni kwamba miaka sita kuanzia leo, mtafiti akichukua kichupa kutoka sanduku lile na majibu yake yakawa ya ajabu, ataweza kujua kichupa hicho kilipitia nini bila kumtafuta mtu aliyekuwa zamu. Kingamwili huenda hazikudhurika hata kidogo na usiku ule. RNA, ile molekuli inayobeba taarifa za urithi za virusi vingi, ni habari nyingine, huharibika upesi. Mtafiti anayejua anaweza kuziweka sampuli hizo kando, au kuzichambua peke yake. Asiyejua atachapisha kitu kisicho kweli akidhani ni kweli. Na ile ni damu ya watu, mama zetu na watoto waliokubali kuchomwa sindano ili jambo fulani lijulikane. Ulichofanya usiku ule ni kazi ya mwandamizi, ila ulikuwa hulipwi mshahara wake.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kuielewa nafasi hii. Wanadhani mwandamizi ni yule anayepima vizuri kuliko wenzake. Kupima vizuri kunatakiwa, lakini huyo ni Kaka Eliya, na hata tangazo halimtafuti mtu wa hivyo. Mwandamizi anayajibia majibu yaliyotoka kwenye mikono ya watu wengine. Ana mamlaka ya kuyazuia yasitoke, na anatakiwa kuwa na moyo wa kuyazuia siku ambayo kila mtu anayasubiri.

Nikupe la kwangu. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kwenye kiti hicho, mwezi wa saba, baridi ile ya Arusha ya kuvaa koti ndani ya jengo. Kijana wangu mmoja, mchapakazi kwelikweli, alikuwa anapima floraidi kwenye maji ya chemchemi za vijiji vya miteremko ya Meru. Habari ya floraidi huku kwetu unaijua. Miamba ya volkano inaiachia ndani ya maji, na watoto wanaota meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi moja ikatoka 1.4, na kamati ya maji ya kijiji ilikuwa inaisubiri karatasi ile ili ilaze bomba.

Karatasi haikuwa na doa. Kontroli, yaani sampuli ya kujipima ambayo jibu lake linajulikana tayari, imeingia ndani ya mipaka, hesabu zimekaa sawa. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Kilichonizuia ni kwamba chemchemi za jirani zote zilikuwa juu ya 2, nikaomba daftari lake la benchi.

Elektrodi ya floraidi husoma kwa milivolti. Ukali wa floraidi ukiongezeka mara kumi, namba inatakiwa kushuka kwa milivolti kama 59 kwenye joto la nyuzi 25. Kwake ilishuka 53. Nikamwuliza vimiminika vya kulinganishia, vile vyenye kiasi cha floraidi kinachojulikana, alivitoa wapi. Kwenye jokofu, saa mbili asubuhi, na kontroli ilikuwa palepale pamoja navyo. Sampuli zilikaa dirishani zikipigwa jua, akazipima saa nane mchana. Hilo moja. Nikamwuliza habari ya bafa, ile inayoweka uchachu wa maji sawa na kuifungua floraidi iliyoshikamana na aluminiamu na chuma. Akainamisha kichwa. Alikuwa anaitia kwa kukadiria, pungufu, kwa sababu chupa ilikuwa inakaribia kuisha. Kontroli ilikubali kwa kuwa ilitengenezwa kwa maji yaliyochujwa yasiyo na aluminiamu wala chuma, hivyo haikuwa na cha kufunguliwa. Maji ya kijijini yalikuwa nacho.

Tulisubiri bafa mpya, tukaacha kila kitu kifike joto la chumba, tukapima upya. 1.9.

Sasa jiulize kosa lilikuwa la nani. Kijana alipaswa kusema chupa inaisha, ni kweli. Lakini kuagiza vitendanishi ilikuwa kazi yangu, na taratibu ya kipimo kile niliiandika mimi bila kuweka mstari unaosema vimiminika vyote viachwe vifike joto moja kabla ya kuanza. Tulipotafuta chanzo cha tatizo, njia zote mbili ziliishia mezani kwangu. Niliandika hivyo kwenye ripoti, nikaweka saini, nikaenda mwenyewe kijijini kuwaambia wazee kwa nini karatasi imechelewa na kwa nini chemchemi ile haifai. Kuandaa na kuhuisha taratibu za kazi ndiko huku. Usidhani ni kukaa na kompyuta kunakili ya taasisi nyingine na kubadilisha nembo. Kila mstari mzuri kwenye SOP, yaani taratibu ya kazi iliyoandikwa, uliingia kwa sababu kuna mtu aliwahi kukosea mahali hapo.

Jingine utakalokutana nalo wiki ya kwanza, na nakuomba ulishupalie, ni tabia ya kurudia kontroli mpaka ikubali. Umeshaiona, usiniambie hujaiona. Kontroli imetoka nje, mtu anairudia, imetoka tena, anairudia, ya tatu imeingia, anaandika ya tatu peke yake na kazi inaendelea. Kwenye chati ya kontroli, hata mashine nzima kabisa inaweza kuvuka mstari wa mkengeuko wa pili, mstari unaoonyesha jibu limekaa mbali na wastani, kama mara 1 kwenye 20, ndiyo maana vijana wanaona ni kawaida. Lakini ikivuka wa pili mara mbili mfululizo upande uleule, au wa tatu mara moja tu, kazi inasimama. Mwandamizi anaisimamisha, anaeleza kwa nini, na anahakikisha zile mbili zilizokataa nazo zimeandikwa. Ukifanikiwa hilo tu ndani ya mwaka mmoja, utakuwa umeifanyia maabara yenu zaidi ya mashine mpya.

Kuhakiki njia mpya za upimaji ni neno kubwa kuliko kazi yenyewe. Mashine mpya ikija, kabla haijatoa jibu hata moja la mtu, mnapima sampuli zilezile kwa ya zamani na kwa mpya, kwa kawaida zisipungue 40, za juu, za kati na za chini, muone zinaelewana kiasi gani. Mnapima kontroli mara tano kwa siku tano muone inajirudia vipi. Kwa miaka yote hiyo uliyokaa hapo, sitaki kuamini hakuna mashine mpya iliyopita mikononi mwako. Tafuta tarehe, uandike kwenye wasifu wako: mwaka fulani nilishiriki kuhakiki kipimo fulani. Watu wa maabara tuna ugonjwa wa kuandika "nilipima damu" wakati tulifanya mengi zaidi ya hayo.

Kushauri watafiti utazoea. Kwa kifupi ni kumwambia daktari mwenye shahada tatu, kwa adabu, kwamba kichupa cha kuwekea damu alichoagiza si sahihi kwa kipimo anachokitaka, na kumwambia kabla wagonjwa 200 hawajatolewa damu.

Usalama hawakuutaja kwenye tangazo, au hukuuandika, lakini ni wako pia. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kila mtumishi, dozi zote tatu na si moja. Kijana akijichoma sindano ya sampuli saa kumi na moja jioni, awe anajua tayari aende wapi kupata dawa kinga za VVU, maana zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na isivuke saa 72. Usisubiri ajichome ndipo muanze kutafuta namba ya simu.

Nije kwenye sifa. Hapo huna sababu ya kujikunyata. Usajili na leseni ya Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lile lililowekwa na sheria ya 2007, unavyo. Shahada unayo, na tangu 2019 miaka mitano imeshapita, hata kama hawatakuhesabia miaka ya stashahada, ingawa wanapaswa kuitazama. Neno "au" kwenye tangazo limewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Atakuja kijana mwenye uzamili, pengine mzuri sana, na wana haki ya kumchukua. Lakini usimwachie nafasi kabla hajaiomba.

Kitakachokupungukia ni lugha ya viwango, nayo inasomeka. Maabara inayopima sampuli za binadamu inafuata ISO 15189, na toleo la sasa ni la 2022. Maabara za maji, udongo, chakula na viuatilifu zinafuata ISO/IEC 17025. Usizichanganye mbele ya jopo, maana kuna mtu ataulizia hapo. Ujue pia ithibati, yaani uthibitisho kwamba maabara inafuata kiwango, inatolewa na nani. Kwa nchi yetu maabara nyingi zimepita SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC, chenye makao Gaborone, Botswana. Kama maabara yenu iliwahi kukaguliwa kwa mfumo wa nyota wa WHO Afrika, tafuta mlipata nyota ngapi na mlidondokea wapi. Nyota ya kwanza huanzia asilimia 55, ya tano ni 95. Ukiweza kuliambia jopo "tulipoteza alama kwenye utunzaji wa kumbukumbu, na mimi ningeanzia hapa", watanyamaza wakusikilize.

Uzamili uuweke kwenye mpango wa miaka ijayo, si kama toba. Tengeru pale, Taasisi ya Nelson Mandela inafundisha uzamili, na kutoka Moshi si safari ya kuogopesha. Nenda ukiwa na swali lako mwenyewe kutoka kazini. Hata habari ya friza zinazopanda joto masika ni swali la utafiti.

Tufike kwa mkuu wako wa maabara. Alichokuambia asubuhi ile kilikuwa kibaya, sitakizunguka. Lakini hakukulazimisha uchane ukurasa na hakukuandikia barua ya onyo. Nimeona watu wazuri wakisema maneno mabaya asubuhi wakiwa na hofu ya mfadhili. Salamu iliyopoa huenda ni aibu yake. Mwendee kabla hujapeleka maombi, umwambie kwa heshima zote kwamba unaomba na kwamba hukutaka alisikie kwa wengine. Usimkumbushe ya friza. Kwenye usaili wakikuomba mfano wa namna ulivyoshughulikia tatizo, toa huo huo, bila kuogopa kuwa yupo. Sema umeme ulikatika, jenereta haikuwaka, friza ilifika 46 chini ya sifuri, niliandika saa na masanduku, na leo ningependekeza kengele inayopiga simu ya mtu na jenereta iwashwe kwa majaribio kila wiki. Kaa hapo. Yeye kusema "usiandike" si sehemu ya mfano huo, ni baina yenu. Ila mtu wa jopo akikuuliza waziwazi kama kuna aliyetaka usiandike, jibu kweli, kwa sentensi moja, usimpambe wala usimponde. Daftari liko kabatini kwao, mwezi wa nne, kwa wino.

Nimemwacha Kaka Eliya mwisho kwa sababu ndiye aliyekufanya uandike barua hii, tangazo limekuja juu yake tu.

Kumjazia tathmini mtu aliyekufundisha si kumdharau. Kinachomdharau ni kujifanya hujui anachokijua. Kwenye ISO 15189 umahiri unapimwa kwa kazi moja moja, haupimwi kwa cheti cha ukutani. Kwa hiyo mwandamizi mwenye akili atamteua Kaka Eliya rasmi, kwa barua, awe ndiye anayefundisha na kuwapima vijana kwenye mashine zile, na hakuna kijana atakayeruhusiwa kugusa bila saini yake. Leo kazi hiyo anaifanya bure na haijaandikwa popote. Wewe ukiwa mwandamizi unaweza kuiandika. Hilo ndilo unaloweza kumlipa, na ni mwandamizi tu mwenye mamlaka ya kumlipa hivyo.

Ila mambo haya usimwambie kwa simu, wala kwenye korido mkiwa mmevaa makoti meupe. Nenda nyumbani kwake Jumapili hii, uende na mumeo kama mna mazoea hayo, umwamkie, mle mtori, halafu umwambie kwamba unataka kuomba nafasi ile na umekuja kwake kwanza. Mwulize angependa nini kibadilike pale maabara. Atakuwa na orodha, nakuhakikishia, na nusu yake utaenda nayo kwenye usaili. Inawezekana atanyamaza kidogo. Mwache anyamaze.

Nenda kabla hujapeleka barua ya maombi, usisubiri uitwe kwenye usaili. Akilisikia kwa walinzi wa getini, hapo ndipo utakuwa umemvua nguo.